Kaptula ya Mlezi Mkuu

Nchi hii haipo. Ukiiona kwenye ramani, kosa ni la mchora ramani, na tayari anatafutwa.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo alikuwepo Mlezi Mkuu, na picha yake ilikuwepo zaidi kuliko yeye mwenyewe. Ilikuwa kwenye karatasi za kufungia mikate, kwenye milango ya vyoo vya stendi kwa upande wa nje, na hata kwenye vidonge vya malaria, ambavyo mgonjwa alitakiwa kuvimeza akiwa amepiga saluti. Picha yenyewe ilipigwa Mlezi akiwa kijana. Tangu hapo alikuwa amezeeka sana, lakini kuzeeka kwake kulikuwa bado hakujatangazwa rasmi.

Kuhusu picha hiyo zilikuwepo sheria mbili. Ya kwanza: popote ilipo, ionekane. Ya pili: mtu asiikalie. Sheria hizi ziliishi pamoja kwa amani mpaka vilipochapwa vitenge vya sherehe vyenye uso wa Mlezi. Kitenge ni kitenge. Fundi akipime atakavyo, sura itaangukia tu pale mwili unapokutana na kiti. Serikali ikatafakari. Ikaona haiwezi kubadilisha kitenge, maana kilishanunuliwa, wala haiwezi kubadilisha sheria, maana ilishasainiwa. Kilichobaki cha kubadilisha ni wanawake. Wakaamriwa wasimame. Kila sherehe ya taifa wanaume walikaa, wanawake wakasimama tangu asubuhi mpaka hotuba iishe, na hotuba za nchi ile hazikuwa za kuisha leo.

Bi. Nyamizi, mama yake Tungaraza, alisimama hivyo mwaka baada ya mwaka mpaka vifundo vya miguu vikamvimba kama viazi. Akirudi nyumbani alijitupa kitandani na kitenge chake.

"Leo tumempenda Mlezi mpaka basi," alisema. "Hebu nisugue miguu, baba."

Tungaraza alisugua miguu ya mama yake, huku akisaga meno.

*

Katika nchi ambako kila kitu kilikwenda polepole, kuanzia maji ya bomba mpaka haki, Tungaraza peke yake alikwenda kasi. Alikuwa na baiskeli ya mbio, mapaja kama magogo, na kiburi cha mtu anayejua kwamba mlima ukimwona unajisogeza pembeni. Timu moja ya nje ya mpaka ilishamwona akishindana, ikamwambia: njoo uendeshe kwetu, ila uje kabla hujafika thelathini, maana baada ya hapo hatuchukui.

Kilichomzuia ni hati ya kusafiria. Katika nchi ile hati haikuombwa, ilishindaniwa. Mwanakwaya bora wa mwaka alipewa moja. Mpigamakofi bora alipewa moja. Na mwendesha baiskeli mmoja, yule aliyenyakua Kombe la Mlezi, alipewa yake. Mwaka juzi mashindano yaliahirishwa kwa sababu Mlezi alikuwa na mafua. Mwaka jana cheni ya Tungaraza ilikatika. Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho. Akiukosa, atazeekea kwenye barabara ileile, akizunguka mnara uleule.

Basi alijiandaa. Aliandaa mapafu, akaandaa miguu, akaandaa na kile kitu ambacho wasioendesha hukicheka: kaptula.

Aliitafuta kwenye marundo ya mitumba, na rafiki yake Mchomvu, mwendesha baiskeli mwenzake, akiwa pembeni anakula muwa. Tungaraza aliokota kaptula, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya kila mshono kutafuta uvimbe. Aliivuta na kuiachia kuona kama kitambaa kinarudi au kinabaki kimezubaa. Alibonyeza sponji ya pale katikati: ikibonyea na kukaa hivyo hivyo, imekufa, ikiinuka, ina uhai. Halafu akaivaa juu ya suruali mbele ya watu, akachuchumaa kuona kama lastiki ya pajani itapanda.

"Ndugu yangu," Mchomvu akatema kapi la muwa, "unachagua kaptula au mchumba?"

"Nikikosea mchumba nitasuluhishwa na wazee. Nikikosea kaptula, nani atanisuluhisha na siti?"

Muuzaji alicheka mpaka akampunguzia.

Kaptula ile nyeusi Tungaraza aliitunza kama jicho. Akirudi mazoezini aliivua palepale, hakukaa nayo ikiwa na jasho akipiga soga. Aliifua kwa maji baridi na sabuni kidogo, akiwa ameigeuza ndani nje. Hakuikamua, aliiviringisha ndani ya taulo na kuibana. Aliianika kivulini, sponji ikitazama nje ipate upepo. Jiki, hapana. Pasi, hapana. Na ndani yake hakuvaa kitu.

"Bila chupi, baba?" Bi. Nyamizi alishika kiuno.

"Mama, mshono wa chupi ndio unaomchuna mtu."

"Makubwa haya! Basi ukigongwa na gari usipelekwe hospitali wanayonijua."

*

Mambo yangeishia hapo kama wahisani wasingetuma msaada. Lilikuja sanduku kubwa la kaptula za mbio, mpya, za mikanda ya mabegani, kila moja na sponji nene ya rangi ya machungwa iliyokatwa kwa ustadi kama jani la mgomba mchanga. Zilikuwa za waendesha baiskeli wote wa taifa. Tungaraza na Mchomvu walipenya mpaka bohari kuzitazama. Tungaraza aliibonyeza sponji moja, ikainuka. Akaibonyeza tena, ikainuka tena. Machozi yalimlengalenga.

Lakini katika nchi ile mzigo haukufika kwa mwenyewe bila kupita kwenye kamati. Waziri wa Michezo, Mavazi na Heshima, Mheshimiwa Kilembwe, aliunda Kamati ya Kitaifa ya Kuchunguza Kaptula. Wajumbe walichaguliwa kwa makini. Mmoja aligundulika kuwa aliwahi kuwa na baiskeli utotoni, akaondolewa mara moja kwa mgongano wa maslahi.

Kamati ilizijaribu kaptula kwa njia pekee waliyoijua: kwa kukaa. Walizivaa chini ya suti zao, wakakaa kwenye viti vya mkutano, wakajadiliana. Ajabu ikatokea. Kwa mara ya kwanza tangu taifa lipate uhuru, mkutano haukumuuma mtu. Wakaahirisha chai. Wakaahirisha chakula cha mchana. Wakaongeza ajenda. Mwenyekiti alikiri, kwa sauti iliyojaa hisia, kwamba hajawahi kulitumikia taifa kwa raha namna ile.

Uamuzi wao ulikuwa wa busara. Mwendesha baiskeli, walisema, hukaa kwa msimu. Kiongozi hukaa mwaka mzima. Ni haki gani, basi, sponji ikae kwa asiyekaa? Sponji zikachomolewa kwenye kaptula zote, zikaondoka kwa kile kilichoitwa matumizi mengine ya kitaifa. Pale zilipotoka pakabaki patupu, na serikali ile haikupenda patupu. Patupu popote palijazwa picha.

*

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Kilembwe alipanda jukwaani na kuinua kaptula juu kama mtu aliyeshika samaki mkubwa. Upande wa nyuma, pale panapokaliwa, Mlezi Mkuu alikuwa anatabasamu.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wataalamu wetu, baada ya utafiti wa kina, wamegundua kwamba mwendesha baiskeli huinama! Akiinama, uso wake hutazama lami. Anayemfuata humwona nyuma! Kamera humwona nyuma! Mataifa yote yanamwona nyuma! Je, heshima ya nchi iachwe izungumzwe na nyuma tupu? Serikali yenu sikivu imesema hapana! Kuanzia leo, nyuma hapo pawe na uso!"

Makofi yakapigwa. Kwaya ya wizara ikasimama na shairi lake jipya:

*Baba umetufunika, mbele na nyuma twang'ara,*
*Mapaja yamestirika, makalio yana sura,*
*Popote tunapofika, wakuone na bendera,*
*Maadui watacheka? La! Wataona hasara.*

Tungaraza akainua mkono. Mchomvu alimfinya, lakini mkono ulishafika juu.

"Mheshimiwa, na ile sheria ya pili? Siti ya baiskeli si kiti? Tukikaa si tutakuwa tumemkalia Mlezi?"

Kwenye safu ya mbele wajumbe wa kamati walitazamana. Ilikuwa dhahiri kwamba jambo hilo halikuwemo kwenye ajenda hata moja kati ya zile walizoongeza. Mheshimiwa Kilembwe alikunywa maji. Akafuta miwani. Akanywa maji tena. Halafu uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekumbuka alikoweka funguo.

"Swali zuri sana! Na ndiyo sababu mtaendesha mkiwa mmesimama!"

Makofi yakatikisa bati la ukumbi.

"Njia nzima, Mheshimiwa? Na milima?"

"Kijana," Waziri alisema taratibu, akitabasamu, "mama yako anasimama. Wewe ni nani ukae?"

Watu walicheka. Tungaraza hakucheka. Lile neno lilimwingia mahali ambapo hata sponji isingesaidia.

*

Vazi likaja na masharti ya matunzo, yaliyosomwa redioni kila asubuhi kabla ya matangazo ya vifo. Kaptula isigeuzwe ndani nje, maana Mlezi hawezi kuachwa gizani. Isianikwe kivulini, maana hana cha kujificha. Isianikwe kichwa chini. Isifuliwe kwa maji baridi, maana Mlezi kwa umri wake, umri ambao haupo, huoga ya moto. Na kabla ya kuvaliwa ipigwe pasi, maana kiongozi hana makunyanzi.

Tungaraza alisikia kwa masikio yake kila alilolijua likipinduliwa. Alichemsha maji, akaifua, akaianika juani, akaipiga pasi. Lastiki ikayeyuka. Kitambaa kikanywea. Mlezi akajikunja kama zabibu kavu, akawa mzee kuliko alivyoruhusiwa. Ni mpaka kaptula ivaliwe na kutanuliwa na mapaja ndipo uso uliponyooka tena na kutabasamu, tabasamu la mtu anayevutwa masikio.

"Nivae ile yangu nyeusi," alimwambia Mchomvu, "halafu hii niifunge kiunoni kama taulo."

"Watakufungia maisha, kaka. Vaa. Tusimame. Tukifika tutalala."

Akafanya mazoezi amesimama. Wewe jaribu kupanda ngazi kutwa nzima huku umeinama na mtu anakukataza kukanyaga sakafu. Mapaja yaliwaka moto, kiuno kikakakamaa, na siti ilikuwa palepale chini yake, karibu, imetulia, ikimngoja kama chakula kilichofunikwa nyumbani kwa mtu mwingine. Jioni alijikokota mpaka ndani, akajitupa kwenye mkeka. Safari hii mama ndiye aliyeshika miguu ya mwana.

"Sasa umejua," alisema Bi. Nyamizi, akisugua.

"Nimejua, mama."

"Pata hiyo hati uende zako. Mimi nimeshazoea."

"Hakuna anayezoea. Unasema tu."

Mama alisugua, akapumua kwa nguvu, akasugua tena.

*

Siku ya Kombe la Mlezi wanawake walipangwa kando ya barabara tangu alfajiri, kila mmoja na kitenge chake, kila mmoja wima. Mwisho wa njia, mbele ya mstari mweupe, palikuwa na jukwaa lenye paa. Hapo walikaa wajumbe wa kamati, mawaziri, na katikati yao Mlezi Mkuu mwenyewe, kofia imemfunika mpaka nyusi. Mbele yake palikuwa na meza, na juu ya meza kombe, na kando ya kombe, kijitabu kidogo cha bluu. Hati.

Nyuma ya washindani alifuata Afande Ndegesela kwa pikipiki, na mkononi alikuwa na fimbo nyembamba ya serikali. Kazi yake ilikuwa kumsogelea mwendesha baiskeli na kuipitisha fimbo kati ya makalio na siti. Ikipita, anaendelea. Ikikwama, anashushwa.

Wa kwanza alishushwa kabla jasho halijamtoka. Alikuwa ameruka tuta, akatua vibaya. Wa pili alilia kwamba ni siti ndiyo iliyomgusa yeye. Mlima wa kwanza uliwakalisha wanne kwa mpigo. Afande alichomeka na kuchomoa, akichungulia kama fundi anayepima mafuta ya injini.

"Afande, fimbo baridi hiyo!" Mchomvu alilalamika.

"Nyanyua heshima ya taifa, wewe! Imeshuka!"

Tungaraza alitangulia. Hakuwa anaendesha tena kwa miguu, maana miguu ilishamsaliti. Aliendesha kwa hasira. Kila alipohisi magoti yanalegea alisikia lile neno, wewe ni nani ukae, na magoti yakakaza. Alipoingia kwenye barabara ya mwisho hakukuwa na mtu mbele yake. Nyuma yake, mbali, alikuwa Mchomvu peke yake. Aliuona mstari mweupe. Aliona kijitabu cha bluu. Na pembeni, karibu kabisa na mstari, alimwona mama yake, ameegemea bega la mwanamke mwenzake, akihamisha uzito mguu huu na mguu ule.

Hapo redio ya upepo ya Afande ikakoroma, naye akaja mbio kwa pikipiki mpaka ubavuni pake.

"Tungaraza! Simama! Amri kutoka jukwaani!"

"Si nimesimama tangu asubuhi! Amri gani?"

"Usipite hivyo. Waziri kaona sasa hivi. Ukipita hivyo kifua chako kitatangulia kwenye mstari, na sura ya Mlezi iko nyuma. Mlezi atakuwa wa pili!"

"Wa pili kwa nani?"

"Kwako wewe, mjinga! Geuza baiskeli, upite kinyumenyume. Atangulie yeye."

Tungaraza alikanyaga chini mguu mmoja, umbali wa kurusha kofia kutoka kwenye mstari. "Afande, umewahi kuona baiskeli inakwenda kinyumenyume?"

"Mimi ni wa pikipiki. Shuka uisukume. Hatua chache tu, hati ni yako."

Ilikuwa kweli. Hatua chache tu. Angeweza kugeuka, akasukuma, akavuka kwa makalio, na kesho yake akavuka mpaka. Alikuwa amekubali mengi makubwa kuliko hilo. Alikubali sponji ichomolewe. Alikubali maji ya moto na pasi. Alikubali kusimama milima yote. Ndiyo maana walimwongezea hili, na baada ya hili wangemwongezea jingine. Mtu aliyepita kinyumenyume leo, kesho ataambiwa apite kwa kichwa.

"Pita, baba!" Bi. Nyamizi aliita, sauti imekauka. "Wewe pita tu!"

Tungaraza aliitazama miguu ya mama yake. Halafu akakaa.

Hakukaa kwa kuanguka wala kwa kuteleza. Alikaa taratibu, kwa uzito wake wote, juu ya siti, akaweka miguu yote miwili chini, akaachia usukani.

Afande Ndegesela alishuka kwenye pikipiki, akachomeka fimbo. Akaisukuma. Akajaribu upande wa pili.

"Haipiti," alisema, kama mtoto.

"Haitapita."

Mchomvu akafika akihema, mate yamekauka mdomoni. Aliangalia mstari ulio wazi, akaangalia hati mezani, akamwangalia rafiki yake.

"Vipi, kaka? Cheni?"

"Cheni nzima. Wanataka tuvuke kinyumenyume, Mlezi atangulie. Wewe vuka. Siwezi kukulaumu."

Mchomvu alifikiri, na ilionekana wazi usoni kwamba alifikiri kweli. Mwishowe akapangusa jasho. "Mimi nina makalio mawili tu," alisema, "na yote yamechoka." Akakaa.

Kando ya barabara Bi. Nyamizi aliwatazama. Aliachia bega la mwenzake, akashika magoti, akashuka mpaka kwenye majani, na Mlezi chini yake. Akanyoosha miguu mbele. Pumzi iliyomtoka ilisikika mpaka jukwaani. Mwanamke wa pembeni yake akashuka. Na wa pembeni yake. Barabara nzima vitenge vilishuka kimoja kimoja, mpaka hapakubaki kichwa kilichosimama isipokuwa cha Afande, ambaye alijitazama, akatazama huku na huku, akaikalia pikipiki yake.

Jukwaani, Mlezi Mkuu alikodoa macho yake ambayo hayakuwa yametangazwa kuwa mabovu. Palipokuwa na nyuso, aliona anga.

"Watu wamekwenda wapi?" aliuliza. Akajikongoja, akashika meza, akasimama ili aone.

Na kwa kuwa itifaki ilitaka hivyo, viongozi wote wakasimama pamoja naye.

Hapo Tungaraza akaona viti. Juu ya kila kiti palikuwa na mto wa rangi ya machungwa, ulioshonwa kwa sponji nne nne, kila moja imekatwa kama jani la mgomba mchanga. Kiti cha Mlezi kilikuwa na nyingi zaidi, zimepandana kama chapati. Mlezi alipoinuka, sponji nazo ziliinuka polepole, moja baada ya nyingine. Zilikuwa na uhai.

"Mlezi amesimama!" Mheshimiwa Kilembwe alipiga kelele kwenye kipaza sauti, sauti ikikwaruza. "Wananchi wote, simameni! Simameni!"

Mkono wake mwingine ulikuwa unakichukua kile kijitabu cha bluu mezani na kukitia mfukoni. Tungaraza alikiona kikienda. Kilimuuma, na angeongopa aliyesema hakikumuuma. Akatazama chini kwenye gurudumu. Kisha akaiburuta baiskeli kwa miguu, bila kushuka kwenye siti, mpaka kando ya barabara alipokuwa mama yake, na kwa mazoea akanyoosha mkono kwenye vile vifundo vilivyovimba.

Bi. Nyamizi aliuondoa mkono kwa upole.

"Leo hapana, baba," alisema. "Leo nimekaa."